Kabla hujamleta paka wa Kiajemi Dodoma, piga simu moja kwanza

Msomaji mmoja wa Ilazo, hapa Dodoma, ameandika hivi, nimefupisha kidogo: "Daktari habari za kazi. Nimeshalipa advansi laki tatu kwa mfugaji mmoja yupo Dar, mtoto wa paka wa Kiajemi, dume, mweupe wote. Kasema nikamchukue baada ya wiki mbili, atakuwa ametimiza wiki nane. Nyumbani tupo mimi, mume wangu, binti wa miaka sita, dada wa kazi na paka wetu wa kienyeji tuliyemwokota. Niandae nini? Nimlete na usafiri gani? Chakula je? Na huyu binti anataka alale nae kitandani, ni sawa?"

Dada yangu, hongera, na nitakujibu yote, ila naanza na kitu ambacho hukuniuliza kabisa. Wiki nane ni mapema mno. Kabla hujanunua hata bakuli, mpigie mfugaji leo jioni umwambie unaomba akae na mtoto mpaka afike wiki 12 au 13. Wafugaji makini wa paka wa ukoo huko duniani hawatoi mtoto kabla ya hapo, na sio kwamba wanajidai. Katoto ka paka kanajifunza kwa mama yake na ndugu zake namna ya kucheza bila kung'ata kwa nguvu, kutumia choo, kujisafisha, kutulia. Chuo Kikuu cha Helsinki walitoa utafiti 2017 wa paka karibu 5,700, wakakuta waliotengwa na mama kabla ya wiki nane walikuwa wakali zaidi ukubwani, na wao wakashauri ikiwezekana asubiri hata wiki 14. Alafu kuna suala la chanjo. Chanjo ya kwanza ya paka inachomwa akiwa na wiki sita mpaka nane, inarudiwa kila baada ya wiki tatu au nne mpaka apite wiki 16. Sasa wewe ukimchukua ana wiki nane maana yake amepata moja tu, tena pengine juzi, unamtoa kwa mama, unamsafirisha kilomita mia nne na hamsini, unamweka nyumba yenye paka mwingine aliyekuwa anazurura. Hapo hata mimi sijui ungetegemea nini.

Mfugaji akikataa, akakwambia "wateja wengine wanasubiri, ukichelewa namuuza", basi hapo umeshajua mfugaji wako ni wa aina gani. Laki tatu inauma lakini kuna maumivu makubwa zaidi ya hayo. Anayejali paka wake atakuomba labda hela ya chakula kwa hizo wiki nne za ziada, mpe, ni haki yake.

Na ukiwa bado kwenye simu muulize mambo mengine. Kwanza umwone mama wa huyo mtoto, kama hujafika kwake basi kwa video, lakini video ya moja kwa moja, sio aliyoirekodi. Mwambie amshike mtoto wako amweke karibu na mama. Nasema hivi kwa sababu picha za paka weupe wenye manyoya zimejaa mtandaoni na kuna watu wanakusanya advansi kwa paka ambao hawajawahi kuwagusa. Kama anakwambia ana cheti cha ukoo, uliza kimetolewa na chama gani, maana kuna vyama vya kusajili paka vinavyojulikana duniani kama CFA, TICA, FIFe na GCCF, na cheti cha kweli kina namba ya usajili na majina ya wazazi na mababu. Kama hana cheti sio lazima awe tapeli, ila basi bei isiwe ya cheti.

Cha muhimu kuliko cheti ni figo. Paka wa Kiajemi wana ugonjwa wa kurithi wa malengelenge ya maji kwenye figo, kifupi chake PKD. Tafiti za zamani, kabla watu hawajaanza kupima, zilikuta kati ya theluthi na nusu ya paka wa uzao huu wanao. Mzazi mmoja akiwa nao, kila mtoto ana nafasi nusu kwa nusu ya kuurithi, na huuoni kwa macho. Paka anakua vizuri, anapendeza, akifika miaka saba hivi ndo anaanza kukonda na kunywa maji kama ng'ombe. Kipimo cha vinasaba kipo, wanasugua pamba shavuni kwa ndani au wanachukua damu. Muulize kama wazazi wote wawili wamepimwa na akutumie majibu. Kama hawajapimwa, sio mwisho wa dunia, lakini ukishamleta tafuta mwenye ultrasaundi amwangalie figo akifika miezi kumi hivi, kabla ya hapo malengelenge yanaweza kuwa madogo yasionekane.

Na kwa kuwa wako ni mweupe: macho yake ni rangi gani? Paka mweupe mwenye macho yote mawili ya bluu, asilimia 65 mpaka 85 ni viziwi. Mwenye jicho moja la bluu ni kama 40. Mwenye macho ya njano au shaba hatari ni ndogo zaidi ingawa ipo. Mwambie mfugaji atikise funguo nyuma yake wakati amelala, asitikise kitanda wala kupuliza upepo, uone kama masikio yanasogea. Kiziwi anaishi vizuri tu ndani ya nyumba, mimi sina tatizo nae, ila unatakiwa ujue mapema, na asitoke nje kamwe maana hatasikia hata bodaboda.

Sasa tuje nyumbani kwako. Watu wengi wakisikia "maandalizi" wanafikiria kununua, kitanda cha paka, mnara wa kupanda, nguo (eti nguo! Dodoma hii!), sijui mkufu wenye jina. Maandalizi ya kweli ni chumba kimoja. Chumba cha wageni, stoo iliyo safi yenye dirisha, hata kona ya chumba chenu, ilimradi mlango unafungika. Humo weka choo chake kona moja, chakula na maji kona ya pili mbali na choo, na sehemu ya kujificha, boksi la karatasi uliloikata mlango linatosha kabisa. Akae humo siku 10 mpaka 14. Mimi mwenyewe paka wangu wa kwanza wa uzao nilimfungulia kikapu katikati ya sebule, watu wote wamekaa duara kama tunamsubiri bibi harusi, akatoka mbio akaingia nyuma ya friji, pale kwenye mota penye joto na nyaya. Alikaa siku mbili. Tulisogeza friji, akaingia chini ya kabati. Hakula, hakunywa, na ka-mtoto kama hako kasipokula siku nzima sukari inashuka kanaweza kuzimia. Na mimi ndo naitwa daktari.

Hicho chumba kikague ukiwa umepiga magoti. Nyaya za simu na soketi za chini, kamba za pazia, nyuzi na sindano za kushonea, mifuko ya rambo, mashimo ya silingibodi. Dirisha lenye nondo tu bila wavu halimzuii, kichwa kikipita mwili mzima umepita. Wavu wa mbu uwe mzima, na kama umechanika shona.

Choo: beseni fupi la plastiki lenye ukingo wa chini, yale ya kuoshea vyombo madogo. Kwa mwanzo tumia mchanga uleule alioutumia kwa mfugaji, mwombe akufungie kidogo hata uliokwisha kutumika, harufu ndo inamwambia hapa ni chooni. Ile michanga ya dukani inayoganda ikilowa, kwa mtoto chini ya miezi minne mimi siipendi, wanaonja kila kitu ikaenda kuganda tumboni. Wengine hapa mjini wanatumia mchanga wa korongoni, upo bure, sawa, ila uchekeche, uanike juani sana, na usiuchukue sehemu paka wa mtaani wanapojisaidia. Maranda ya seremala yanafaa kama ni ya mbao isiyopakwa dawa na hayana vumbi la unga. Choo kisafishwe kila siku, na hapa kuna sababu ya ziada: kimelea cha toksoplazma kwenye kinyesi cha paka kinahitaji siku moja mpaka tano ndo kiwe na uwezo wa kuambukiza, kwa hiyo ukizoa kila siku umeshakikata njia. Kama wewe au dada mna ujauzito au mnategemea, kazi hiyo afanye baba. Nimesema baba, asinitafute.

Dada wa kazi mkalishe chini mwongee vizuri, sio kumpa amri mlangoni unatoka kazini. Yeye ndo atakuwa nae kutwa, na ajali nyingi za paka ninazoziona zinatokea kwa mtu ambaye hakuambiwa. Aambiwe mlango unafungwa. Aambiwe kwamba zile dawa za kusafishia zinazogeuka nyeupe kama maziwa ukitia maji ni sumu kwa paka, sakafu ipigwe sabuni ya kawaida isuuzwe, au klorini iliyopunguzwa alafu ikauke kabisa. Sumu ya panya itoke nyumbani yote, hata ile ya juu ya dari, paka akila panya aliyekula sumu nae anaumia. Na panadol, tafadhali sana, panadol. Mtoto wa paka akipata mafua watu wanamkatia robo kidonge kama wanavyomfanyia binadamu. Ini la paka haliwezi kuivunja ile dawa, kidonge kimoja kinaua paka mkubwa, sembuse huyo.

Kingine ambacho naona ni cha kwetu huku kanda ya kati, maana karibu kila familia ina mifugo kijijini, Kongwa, Chamwino, Bahi huko: mtu akiona viroboto anachukua dawa ya kuogeshea ng'ombe anachanganya kwenye ndoo anamwogesha paka. Paka anajilamba. Jioni anatetemeka, anatoa mate, usiku amekufa. Hata dawa ya viroboto ya mbwa, zenye pamethrini, zinaua paka vilevile. Dawa ya paka iandikwe ya paka, na ipimwe kwa uzito wake.

Huyo paka wenu wa kienyeji sasa. Yeye ndo nafikiri ni hatari kubwa kuliko safari yote, na nampenda, sisemi mumfukuze. Mpeleke wiki hii hii akachanjwe chanjo ya paka na ya kichaa cha mbwa (paka wanaugua na wanaambukiza kichaa, watu wanasahau kwa sababu ya jina), apewe dawa ya minyoo, asafishwe viroboto, na kama hajahasiwa ahasiwe. Mkimpata daktari mwenye kipimo cha virusi vya leukemia na vya ukimwi wa paka, pimeni, huo ukimwi ni wa paka tu hauji kwa mtu. Na je, aliwahi kufa paka mwingine hapo kwenu kwa kuhara na kutapika? Kama ndiyo niambie kabla ya chochote, kirusi cha panlukopenia kinakaa kwenye sakafu na vyombo hata mwaka mzima, sabuni haikiui, klorini ndo inakiua.

Mkishamleta mgeni, hawa wawili wasionane kwa siku 10 mpaka 14. Vyombo tofauti, choo tofauti, unawe mikono ukitoka kwa mmoja. Baada ya hapo badilishaneni matandiko wanuse harufu, walishe mlango ukiwa katikati, alafu ufungue kidogo. Wakifokeana ni kawaida. Wakishikana rudi nyuma hatua moja. Inaweza kuchukua mwezi.

Safari. Kuna jambo dogo ambalo linasaidia sana: kata kipande cha kanga kuukuu, usiifue kwa sabuni kali, mtumie mfugaji kwa basi kama kifurushi sasa hivi, akiweke wanapolala mama na watoto. Siku ya safari kinarudi ndani ya kreti kina harufu ya mama. Hicho kinamtuliza kuliko kitanda cha laki. Kreti iwe ya plastiki ngumu yenye mlango wa chuma, sio boksi la karatasi na sio tenga la kuku. Gari binafsi ndo bora, ondokeni Dar alfajiri saa kumi na moja ili mpite Morogoro jua halijakaa utosini, kiyoyozi kiwe cha wastani, kreti iwe kiti cha nyuma imefungwa mkanda na kufunikwa kanga nusu, kamwe sio kwenye buti. Apewe chakula kidogo masaa matatu kabla ya kuondoka, alafu maji kidogo mkisimama, msimtoe nje ya kreti hata akilia, na atalia. Mkiwa na wasiwasi wowote njiani, Morogoro pale Chuo Kikuu cha Sokoine (SUA) kuna hospitali ya wanyama, ni karibu nusu ya safari. Treni ya SGR ni chini ya masaa manne na haina mtikisiko, lakini ulizeni stesheni mapema kuhusu mnyama kabla hamjakata tiketi, msifike getini na kreti mkononi. Basi la kawaida na muziki wake mimi singempakia.

Kwa nini nasisitiza joto: hawa wa uso bapa pua zao ni fupi, hewa haipiti vizuri, na paka hatoi jasho mwili mzima. Akipumua mdomo wazi kama mbwa hiyo ni dharura, mlowanishe miguu na tumbo kwa maji ya kawaida (sio ya barafu), mpepee, umwone daktari. Dodoma kwenye Oktoba na Novemba kabla ya mvua, umeme ukikatika feni ikazima, mwachie sakafu ya vigae wazi na chumba cha upande usio na jua la mchana. Juni na Julai ni kinyume chake, usiku baridi na upepo, katoto kanahitaji blanketi. Na lile vumbi letu, Waajemi macho yao yanatoa machozi muda wote, kila asubuhi mfute kwa pamba na maji yaliyochemshwa yakapoa, pamba moja jicho moja. Manyoya yachanwe kila siku kwa kitana cha chuma, kila siku nimesema, ukiacha wiki yanafungana mpaka ngozi inavutika na inabidi anyolewe. Uani kwenu kama kuna mbigili ndo sababu nyingine ya kumweka ndani.

Chakula hakina mambo mengi. Muulize mfugaji anampa nini, nunua hichohicho Dar cha kutosha mwezi mzima kwa sababu huku madukani leo kipo kesho kimeisha. Kama unataka kubadili, subiri wiki mbili, alafu changanya kidogo kidogo kwa siku saba mpaka kumi. Milo minne kwa siku, baadae mitatu. Maziwa ya ng'ombe hapana, yanamharisha. Ugali na dagaa alivyokula paka wa bibi, yule alikuwa anajazia na panya na mijusi, huyu yupo ndani hana pa kujazia, na paka bila taurini, ambayo inatoka kwenye nyama, anaharibika moyo na macho. Kuku wa kuchemsha kama kionjo sawa, bila kitunguu maji wala saumu maana vinaharibu damu yake. Zabibu za kwetu kuleni wenyewe. Maji, haya yetu yana chumvi na yeye amezoea ya Dar, siku za kwanza mpe mnayokunywa wenyewe kwenye bakuli pana, angalia kama anakunywa.

Siku ya kumpokea kwa mfugaji mwangalie mwenyewe kabla hujamalizia hela. Macho yasiwe na usaha, matundu ya pua yawe wazi sio kamstari, asikorome akiwa macho, masikio yasiwe na uchafu mweusi kama unga wa kahawa, mkunduni pasafi. Kitabu cha chanjo kiwe na stika za chupa, tarehe na sahihi ya daktari, sio peni tu. Andikianeni hata karatasi moja: daktari wako akikuta ugonjwa ndani ya siku kadhaa mnafanyaje. Ukifika Dodoma mlete kwa daktari ndani ya siku tatu nne, na umpime uzito kila wiki kwa mizani ya jikoni, asipoongezeka wiki mbili kuna kitu. Chanjo ya kichaa cha mbwa anachomwa akifikisha wiki 12, dawa ya minyoo kila mwezi mpaka miezi sita, na kuhasiwa miezi minne mpaka sita.

Tumalizie kwa binti. Kulala nae kitandani, bado. Paka hawa wa Kiajemi wanaongoza kwa kubeba fangasi ya ngozi, ileile inayomtoa mtoto mapunye kichwani, na anaweza kuwa nayo bila kipara hata kimoja. Mkimleta nitamwangalia kwa taa maalumu na kuchukua manyoya ya kuotesha, majibu ya kuotesha yanaweza kuchukua wiki mbili tatu. Katika muda huo binti aingie chumbani kwake na mtu mzima, akae chini sakafuni, asimfuate, amsubiri yeye aje, na akimbeba mkono mmoja uwe kifuani mmoja chini ya matako. Amsomee hata kitabu cha shule kwa sauti ndogo, paka wanazoea sauti haraka. Majibu yakija safi na minyoo imeshatolewa, mimi sina pingamizi, ila kwa katoto ka kilo moja na mtoto anayegaragara usingizini ningesubiri miezi miwili mitatu tena akomae mifupa. Mwambie binti daktari kasema hivyo, akasirike na mimi.